Mizinga Haihesabiwi

Karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya ardhi, na nusu yake ilifunikwa na tangazo la chanjo ya mbwa. Ndiyo maana ilikaa pale siku kumi na mbili bila mtu wa msituni kuiona. Aliyeiona ni binti anayechapa barua na kutoa nakala katika kibanda cha ng'ambo ya barabara. Alivuka kwenda kuomba maji ya kunywa, akasimama kusoma habari za mbwa, kwa kuwa yeye ni mtu wa kusoma chochote, hata karatasi iliyofungiwa chumvi. Upepo ukainua pembe ya tangazo. Chini yake akaona maneno "msitu wa juu". Akalishika lile tangazo kwa vidole viwili, akalifunua kama mtu anayefunua chungu cha wenyewe, akasoma mpaka mwisho. Maji hakuomba tena.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Mama yake alikuwa bandani, amekunja mikono ya gauni, anakoroga nta. Sufuria ya nta ilikaa ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji, maana nta haitaki kuguswa na moto moja kwa moja. Mjini walimwita Mama Mishumaa, na jina likamkaa kiasi kwamba hata mumewe alimwita hivyo anapokuwa na raha. Mume mwenyewe, mrina asali tangu hajaota ndevu, alikuwa ameketi mlangoni anasokota kamba ya kupandia miti. Watu wote walimwita Mrina, kana kwamba hapakuwa na mwingine.

"Mama, epua hiyo nta," binti alisema.

"Haijawa tayari."

"Epua tu. Kuna jambo."

Akasoma alichokuwa amenakili nyuma ya bahasha. Eneo la msitu wa juu limekaguliwa. Kaya zilizohojiwa, kumi na saba. Mizinga ya nyuki iliyotajwa, sifuri. Matumizi ya wenyeji, hakuna. Kwa hiyo inapendekezwa eneo lote likodishwe kwa kampuni ya mbao kwa miaka tisini na tisa, miti iliyopo ikatwe, ipandwe mingine inayokua haraka. Mwenye pingamizi afike mbele ya Baraza la Ardhi siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

"Sifuri?" Mama Mishumaa aliuliza. Mwiko ulikuwa umesimama mkononi, unadondosha matone ya njano kwenye majivu.

"Sifuri, mama. Imeandikwa kwa tarakimu, halafu ikaandikwa tena kwa maneno, tusije tukadhani wamekosea."

"Nani aliwaambia hatuna mizinga?"

Mrina hakuinua macho. Alitema mate kiganjani, akaendelea kusokota.

Mama Mishumaa alimtazama mumewe, na ile siku ikamrudia yote. Karani wa ofisi ya ardhi alikuja kiangazi kilichopita, kijana mnene mwenye fomu nyingi. Walimwekea bakuli la asali na mkate, akala mpaka asali ikamfika kwenye kiwiko. Halafu akauliza, "Mzee, una mizinga mingapi?" Mrina akajibu, "Sina." Karani akaandika, akalamba kidole, akageuza ukurasa. Nyumba zote kumi na saba zilimjibu hivyo hivyo, na katika nyumba zote alikula asali.

Wala wao hawakuona kwamba wamesema uongo. Watu wa asali hawataji idadi ya mizinga yao. Mwanamume hamwambii jirani, hamwambii ndugu, hamwambii mkewe. Mzinga unaning'inia juu ya mti katikati ya msitu, hauna mlango wa kufuli wala mlinzi, kufuli yake ni mdomo wa mwenyewe. Tena wazee walisema nyuki wakisikia wanahesabiwa huhama. Baba akizeeka, magoti yakikataa kupanda, humchukua mtoto mmoja, humzungusha mti kwa mti bila kusema neno, mara moja tu, basi. Anayeulizwa anasema hana, na anayeuliza, akiwa mtu wa pale, anajua kwamba hilo ndilo jibu la adabu.

Karani hakuwa mtu wa pale.

"Baba," binti alisema, "Alhamisi uende ukaseme unayo."

"Niseme ngapi?"

"Hiyo hiyo idadi yake."

"Haisemwi."

"Basi watakata."

"Waje wakate. Wataumwa na nyuki mpaka wakimbilie mtoni."

"Baba, katapila haliumwi na nyuki."

Mrina akasimama, akaikunja kamba yake vizuri, pete juu ya pete, akaitundika msumarini. "Mimi babu yangu alikufa hajasema," alisema. "Baba yangu alikufa hajasema. Sitakuwa mimi wa kwanza kupayuka mbele ya watu waliovaa tai." Akaingia ndani. Alikuwa anachechemea kidogo, kwa kuwa mwaka juzi tawi lilimvunjikia. Hata nyumba haikujua lilikuwa tawi la mti gani.

Jumatatu Mama Mishumaa alivaa gauni lake la kutokea, akafuatana na binti mpaka ofisi ya ardhi. Walikuwepo kabla mlango haujafunguliwa. Dirisha la kwanza waliambiwa waende la tatu. La tatu waliambiwa mhusika yumo chumba cha nyuma, lakini chumba cha nyuma hakiingiwi bila karatasi ya dirisha la kwanza. Na bibi wa dirisha la kwanza alikuwa amekwenda kunywa chai. Wakakaa kwenye benchi.

Mwanamke mmoja mwenye mkoba wa ngozi alikuwa amekaa upande ule mwingine wa benchi. Alinusa, akageuza shingo, akanusa tena. Akatoa kitambaa, akafunika pua.

"Mama, samahani," alisema, "hebu sogea kule kwenye dirisha lililo wazi. Wengine tuna pumu. Huo moshi wenu..."

Mama Mishumaa alisogea. Gauni alikuwa amelifua mara mbili na kulianika kwenye upepo, lakini moshi wa nyuki ukishaingia katika nguo unakaa kama mpangaji asiyelipa. Binti alifungua mdomo ajibu, mama yake akamfinya paja.

"Hatukuja kugombana na pua ya mtu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Tumekuja kwa sifuri."

Saa tano wakaingia chumba cha nyuma. Karani alikuwa yule yule, ameongezeka kidogo. Alimtambua mama, akatabasamu.

"Ah, mama wa asali! Umeniletea?"

"Nimekuletea swali, mwanangu. Ulikaa kwangu?"

"Nilikaa."

"Ulikula asali?"

"Nilikula, tena nzuri sana."

"Sasa ile asali ulidhani tunaikamua wapi, kwenye ng'ombe?"

Binti akacheka, akajizuia. Karani hakucheka. Alivuta faili, akalifungua, akaligeuza ili mama aone, kana kwamba maandishi yakigeuzwa yanakuwa na haki zaidi. "Mama, mimi naandika ninachoambiwa. Niliuliza kaya kumi na saba, zote zikasema hazina. Nikiandika kitu kingine nitafukuzwa kazi. Asali inanunuliwa hata dukani."

"Na sasa nakwambia tunayo."

"Sasa umechelewa, takwimu zimeshapitishwa." Akaona uso wa mama, akalegeza sauti, kwa maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa faili. "Lakini si vibaya. Kampuni itaajiri watu wa kupalilia miche. Wewe una nguvu bado. Nitakuandika wa kwanza."

"Nipalilie miche palipokuwa na mizinga yangu."

"Ni kazi, mama."

"Nikitaka sifuri ifutwe, nifanye nini?"

Karani akapumua. "Baraza linataka orodha. Kila mzinga, jina la mwenyewe, na mahali ulipo. Tena awepo mtu wa kuthibitisha, asiseme tu 'ipo, ipo'. Bila hiyo, hata mkija kijiji kizima mkalia, itaandikwa kwamba mlikuja mkalia." Akafunga faili. "Na nyinyi hamtasema. Nawajua sasa."

"Orodha utaipata," Mama Mishumaa alisema, akainuka.

Nje, binti alimshika mkono. "Mama, utaitoa wapi? Baba hatasema hata akichomwa moto."

"Wewe kazini kwako una karatasi?"

"Ninazo."

"Ziweke tayari."

Jumanne asubuhi ilikuwa zamu ya kuchuja. Wanawake wa nyumba za msituni huchuja nta pamoja katika banda la Mama Mishumaa, kwa sababu yeye ndiye mwenye sufuria kubwa na vitambaa vizuri vya kuchujia. Walikuwa kumi na wanne siku hiyo. Mama Mishumaa aliwaambia habari ya sifuri na ya orodha, nao wakaipokea kila mmoja kwa namna yake, mwenye kulaani akalaani, mwenye kunyamaza akanyamaza. Mwisho wote wakafika mahali pamoja: waume hawatasema.

Mama Mishumaa aliingia ndani, akatoka na kopo la bati lililokuwa zamani la maziwa ya unga. Akalifungua, akamimina juu ya kitambaa safi. Yalibiringika matonge ya nta, kila moja kama yai la njiwa. Mengine yalikuwa meupe kama siagi, mengine ya njano, mengine ya kahawia, na matatu meusi karibu na rangi ya mkaa uliolowa.

"Mnaona nini?" akauliza.

"Nta," alisema jirani yake wa karibu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu, aliyeitwa Mama Pacha. "Ulidhani tutaona kuku?"

"Hesabu."

Mama Pacha akahesabu. "Arobaini na moja."

"Hayo."

Mama Pacha akajishika kifua. "We! Ya mumeo?"

"Mimi natengeneza mishumaa," Mama Mishumaa alisema. "Nta ya bondeni ni laini, ukiimimina peke yake mshumaa unainama kama mgonjwa. Nta ya juu ya mwamba ni ngumu, inapasuka. Lazima nijue ipi naichanganya na ipi. Yeye akileta masega, ya kila mzinga kayafunga kwenye majani yake, anadhani anayefungua ni kipofu. Basi kila mzinga mpya niliona nta yake, nikanusa, nikang'ata kidogo kwa jino la mbele, nikaweka tonge. Hakuna aliyeniambia kitu."

"Na mahali?"

"Nani anamfulia nguo? Akirudi na tope jekundu, amekwenda upande wa chemchemi. Akirudi na utomvu kwenye kiwiko, ni ile migunga mitatu. Akirudi na miba kwenye soksi najua mpaka njia aliyopita. Halafu mimi si naenda kuni? Nikiinama naokota, nikiinuka natazama juu. Macho hayatozwi kodi."

Mama Pacha alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini, akapangusa macho kwa upande wa kanga. "Jamani," alisema, "jamani, wa kwangu ana ishirini na sita."

"Unajuaje?"

"Anaota! Akilala anaipanda mmoja mmoja, anataja mpaka matawi. 'Shika hapo, shika hapo, usiniangushe.' Mimi niko macho nahesabu." Wote wakaangua kicheko. Kumbe hakuna aliyekuwa hajui. Mmoja alijua kwa vishikizo vya shati vilivyokatika, kila mti na namna yake ya kumchuna mtu. Mwingine alijua kwa kuwa mumewe huchonga mizinga uani, akichonga saba ikibaki minne, mitatu imekwenda wapi, sokoni? Miaka yote waume walitembea kama wezi katika mali yao wenyewe, na wake wakawapikia na kunyamaza.

Mmoja, mke mdogo aliyeolewa mwaka ule, hakucheka. "Lakini mwiko, mama? Nyuki wakihama?"

Mama Mishumaa aliyarudisha matonge katika kopo, moja moja. "Mwanangu, mwiko uliwekwa ili mizinga isipotee. Alhamisi ndiyo inapotea. Sasa tunalinda mizinga, au tunalinda mwiko?"

"Tena mficha uchi hazai," Mama Pacha alisema. "Andikeni."

Binti aliitwa. Alikaa kwenye gogo la baba yake na rundo la karatasi magotini, akaandika mpaka mchana.

Jumatano jioni, kabla jua halijazama, Mama Mishumaa alimwandalia mumewe chakula, akasubiri ale, kwa sababu mtu mwenye njaa haambiwi jambo. Alipokwisha kunawa, akaweka kopo mbele yake.

"Nini hiki?"

"Fungua."

Mrina akafungua. Alitoa tonge moja, akalitazama. Akatoa la pili. La tatu alilileta puani, na hapo mkono wake ukasimama hewani. Yeye naye alikuwa mtu wa pua. Alilirudisha taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Umenipeleleza miaka thelathini na minne."

"Nimekufulia nguo miaka thelathini na minne."

Jirani alikuwa anaita mbuzi wake. "Na wengine?" Mrina aliuliza. "Mama Pacha?"

"Kila mtu anajua ya kwake. Hakuna aliyeuliza ya mwenzake."

"Kwa hiyo sisi wanaume wote ni wajinga."

"Nyinyi ni watu wa siri. Siri mmeitunza vizuri, hata mjini imefika ikiwa sifuri."

Neno hilo lilimchoma Mrina, na mkewe aliona limemchoma, lakini hakulirudisha. Alisogea karibu. "Mume wangu, nisikilize. Kesho watakuita wewe kwanza, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Wengine wote watakutazama mdomoni. Ukisema huna, nao watasema hawana, na sisi tutarudi nyumbani kusubiri katapila. Orodha ninayo. Nataka useme wewe. Ni mizinga yako, umeipanda wewe, mguu umevunja wewe. Lakini usiposema, nitasema mimi. Sitakuja kupalilia miche ya mtu pale."

"Utanivua nguo mbele ya watu."

"Nitakuvua. Halafu tutarudi nyumbani, utanikasirikia, nami nitakupikia, na msitu utakuwepo."

Mrina aliinuka, akaiangua kamba msumarini, akaingia nayo chumbani.

Ukumbi wa baraza ulikuwa darasa la zamani. Madawati yalikuwa ya watoto, watu wazima wamekaa magoti yakigusa kidevu. Mbele palikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani, na nyuma yake mwenyekiti, mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kufunga kwa uzi. Kulia kwake alikuwa karani na faili lake. Kushoto alikuwa wakili wa kampuni, suti safi, viatu vyenye vumbi la msitu, vumbi ambalo Mama Mishumaa alilitazama kwanza kabla ya uso wake. Jekundu. Wamekwisha kupima upande wa chemchemi.

Wanaume kumi na saba walikaa mbele. Wanawake walikaa nyuma. Mrina alikuja peke yake asubuhi ile, alitangulia njiani hakugeuka. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, limembana mabega.

Wakili alisema kwa ufupi. Kaya zote zimehojiwa, zote zimekana. Msitu hautumiki. Kampuni inawapenda wenyeji, itawapa ajira.

"Mpingaji wa kwanza," mwenyekiti akaita. Mrina akasimama. "Mzee, taarifa inasema ulipoulizwa una mizinga mingapi ulijibu huna. Je, ni kweli ulijibu hivyo?"

"Nilijibu hivyo."

"Na leo jibu lako ni lipi?"

Mrina alifungua mdomo. Wanaume kumi na sita walikuwa wamemkazia macho. Mama Mishumaa alishika kopo kwa mikono miwili, akahesabu moyoni: nikifika kumi nasimama. Alifika saba.

"Bi Mwenyekiti," Mrina alisema, sauti imekwaruza, "mimi jambo hilo halijawahi kutoka mdomoni mwangu, na linakataa. Muulizeni mke wangu."

Darasa zima likageuka. Mama Mishumaa alitembea katikati ya madawati, moshi wake ukitangulia, na safari hii hakusogea pembeni kwa ajili ya pua ya mtu. Aliweka mezani orodha iliyochapwa vizuri. Juu ya kitambaa cha kijani akamimina matonge.

"Hayo ni ya mume wangu. Kila tonge mzinga wake."

Wakili aliangalia, akacheka kistaarabu. "Bi Mwenyekiti, kwa heshima zote, huyu mama anatengeneza mishumaa. Vitu hivi vingeweza kufinyangwa jana."

"Vingeweza?" mwenyekiti alimuuliza mama.

"Vya kufinyanga jana visingekuwa na harufu mbalimbali. Chagua lolote, mama yangu. Mimi nitafumba macho."

Mwenyekiti alichagua tonge la njano, akamwekea kiganjani. Mama Mishumaa alilinusa, akalikwaruza kwa ukucha, akang'ata. "Mgunga wa katikati kwenye ile migunga mitatu, tawi la pili, mzinga unatazama mashariki. Kwenye orodha ni namba kumi na tisa."

Karani aliipekua orodha. "Ndivyo," alisema.

"Alishaona rangi kabla hajafumba macho," wakili alisema. Akayachanganya matonge mwenyewe kwa mikono yote miwili, kama mtu anayechanganya karata, akatoa moja jeusi. "Hili?"

"Mkuyu ulioanguka nusu, ukielekea chemchemi. Umepita chini yake juzi, baba, vumbi lake hilo hapo kwenye viatu vyako. Ungeinua kichwa ungeuona." Watu wakacheka. "Namba sita."

"Namba sita," karani akasema.

Walimjaribu mara tisa. Mara moja alisita, akalinusa tena, akasema namba thelathini, akajisahihisha, thelathini na moja. Kila alipotaja, mwenyekiti alimgeukia Mrina, na Mrina alitikisa kichwa kukubali, kwanza kwa uzito, kisha upesi upesi, na mara ya mwisho kabla mama hajamaliza kusema. Alikuwa ameacha kutazama chini.

"Inatosha," mwenyekiti alisema. "Kwa hiyo jumla ya mizinga ya kaya hii ni arobaini na mmoja."

"Arobaini na miwili."

Sauti ilikuwa ya Mrina. Hata yeye mwenyewe alishtuka kuisikia. Mama Mishumaa aligeuka.

"Arobaini na mmoja," alimwambia.

"Miwili. Huo mmoja huujui." Alishika ukingo wa dawati. "Uko nyuma ya mwamba, kwenye mtini unaotazama bonde. Niliutundika wiki tuliyooana. Haukuwahi kuingia nyuki, ndiyo maana hukuona nta yake."

Wakili aliinua kalamu. "Bi Mwenyekiti, mzinga mtupu kwa miaka thelathini na minne! Huo nao ni matumizi?"

"Kila mwaka naupanda," Mrina alimjibu yeye moja kwa moja. "Natoa buibui. Naukaza kamba. Naupaka nta mpya mlangoni ili nyuki wakipita wasikie harufu. Mguu huu nilivunjia pale. Kama hayo si matumizi, baba, basi niambie neno lake."

Wakili akashusha kalamu. Mama Mishumaa alisimama na mikono mitupu. Kila mwaka kipande cha nta kilikuwa kinapungua bandani, na kila mwaka alikuwa akiwalaumu panya, hata mitego aliweka.

"Mwizi wewe," alimwambia mumewe polepole.

"Na wewe mpelelezi," Mrina akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi akamtazama usoni.

Mwenyekiti alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Karani, futa sifuri. Andika arobaini na miwili. Baraza litakwenda msituni Jumatatu kuona kwa macho. Mpaka litakaporudi na uamuzi, hakuna kigingi, hakuna kamba, hakuna shoka." Akamtazama wakili. "Na vilivyokwisha kuchomekwa ving'olewe. Anayefuata."

Mume wa Mama Pacha alisimama kabla hajaitwa. Alimtupia Mrina jicho, akasema, "Ishirini na sita."

"Saba!" mkewe akapaza sauti kutoka nyuma. "Juzi umeongeza mmoja, ulikuwa unaulilia usingizini!"

"Ishirini na saba," mume alisema, na kicheko kilichopanda hakikumzuia kubaki amesimama wima. Jirani yake wa dawati naye akainuka. Nyuma yake mwingine. Hawakusubiri zamu tena, walikuwa wanataja idadi na miti, kila mmoja akifungua mdomo kwa tabu mara ya kwanza na kwa urahisi mara ya pili, na wake zao nyuma wakiongeza tawi lililosahauliwa.

"Polepole, wazee, polepole, naandika," karani alisema. Upande wa mbele wa fomu ulijaa, akageuza, nyuma nako kukajaa. Akainua kichwa kuomba karatasi.

Binti mchapaji alikuwa ameshafika mezani nazo, rundo zima.